Mkwe Aliyenyamaza Pipani

Nilishasema sitaki, na mimi nikisema sitaki huwa sitaki. Lakini mmekuja juzi, mmekuja jana, mmenikalia kwenye mkeka kama wageni wa msiba: "Bibi tuandikie, wewe ulikuwepo." Kwani kuwepo ni kosa? Shule yenyewe niliisikia kwa mbali, kama ngoma ya mtaa wa pili. Herufi ninazijua kama ninavyowajua majirani, wengine nawasalimia, wengine nawapita. Haya, naandika. Ila naandika kwa njia yangu, na mtu asije akanisahihisha.

Palikuwa na mwanamke katika kiwanda cha sabuni, tukimwita Mama Kipaza. Jina la wazazi wake alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Mungu alimpa sauti isiyojua mlango wala ukuta. Akimwita mtu upande huu wa barabara, wa upande ule wote wanageuka na kujiuliza wamekosa nini. Kazi yake ilikuwa kufunga sabuni kwenye karatasi, pale meza ndefu, pamoja na sisi wanawake wengine. Kazi ile ukiifanya muda mrefu, harufu haikutoki tena. Mkate unanuka sabuni, mto wa kulalia unanuka sabuni, mtoto akikukumbatia anapiga chafya.

Mtambo mkubwa kuliko yote mle ndani ulikuwa pipa la kukorogea. Usifikirie pipa la maji la nyumbani kwako. Hili lilikuwa la chuma, refu kama watu wawili waliobebana mabegani, mdomo wake uko juu na unaufikia kwa ngazi. Katikati pamesimama nguzo ya chuma yenye mikono. Umeme ukipita nguzo inazunguka, na ile mikono inakoroga sabuni ya moto kama mwiko chunguni. Mikono ile haijui sabuni wala haijui mtu. Kinachokuwa mbele yake inakikoroga.

Sasa kila sabuni ikibadilishwa rangi, kutoka bluu kwenda nyeupe, ilibidi wanaume waingie ndani ya pipa na vyuma vya kukwangulia, waondoe ile ya zamani iliyoganda. Na swichi ilikuwa wapi? Nyuma ya ukuta, kwenye chumba cha umeme. Anayewasha hamwoni aliyemo, na aliyemo hamwoni anayewasha. Aliyejenga vile sijui alikuwa amegombana na nani.

Kabla ya haya ninayotaka kusimulia, mtu mmoja aliumia. Alikuwa anapanda kutoka, kiwiliwili kiko nje na mkono mmoja bado uko ndani, mtambo ukawashwa. Tangu siku ile tunamwita Bega, maana bega moja lilibaki limelala. Mama Kipaza ndiye aliyempakata kichwa mpaka gari lilipokuja. Yule mtu, damu inamtoka, alikuwa akimwuliza, "Mama, nimekuchafua? Nguo yako nimeichafua?" Aliuliza hivyo mpaka anapakiwa.

Baada ya hapo Mama Kipaza hakumwomba mtu ruhusa. Akisikia tu neno "washa", anaacha karatasi zake mezani, anakwenda kusimama chini ya ngazi ya pipa, anamwita mmoja mmoja kila aliyeingia. Kila mmoja lazima aitike kwa kinywa chake mwenyewe, akiwa nje. Akisharidhika, anakwenda kwenye mlango wa chumba cha umeme na kunyosha mkono juu ili mwasha mtambo auone. Bila mkono wake, swichi haiguswi. Msimamizi mwanzoni alinuna, baadaye akazoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Cheo kile hakikutoka ofisini. Alijipa mwenyewe, na akakivaa kwa maringo kuliko wenye makoti. Siku moja msimamizi mwenyewe alichungulia pipani, alipoitwa akatikisa kichwa tu. Mama Kipaza akamwambia, "Kichwa hakina sauti, baba. Itika." Akaitika.

Basi, Mama Kipaza alikuwa na binti mmoja tu, na binti yule akaolewa. Mume wake alikuwa mrefu, mpole, na haya zake, jamani, utafikiri alizinyonya pamoja na maziwa. Akiisikia sauti ya mama mkwe kwenye kona, anatokea mlango wa uani. Wakikutana njiani, anaiacha njia, anaangalia chini, anatoa shikamoo nyembamba kama uzi. Kiti alichokalia mama mkwe yeye hakikalii, na chakula hakipiti kooni mama mkwe akiwa anamtazama.

Mama Kipaza alilipenda jambo hilo kupita kiasi. Mezani pale tulichoka. "Mkwe wangu ana adabu." "Mkwe wangu hajawahi kuniangalia usoni." Mwenzetu mmoja akamwambia, "Mwenzangu, utaibiwa mkwe, maana hata sura yako haijui." Tukacheka, na yeye akacheka huku akijisikia.

Kazi zilikuwa adimu mtaani. Mkwe alitafuta huku na kule, akakosa, na alipopata, akapata pale pale kwetu, tena ndani ya pipa. Siku yake ya kwanza walipotoka kukwangua, Mama Kipaza akasimama chini ya ngazi kama kawaida. Akaita wa kwanza, akaitika. Akafika kwa wa pili, akaita, "Mkwe!"

Kiwanda kizima kikatega sikio. Kijana wa watu amesimama pale, mdomo uko wazi, sauti haitoki. Ampigie mama mkwe wake kelele, "Nipo!", kama anajibizana na mchunga mbuzi? Ulimi ulimganda. Ndipo mwenzake wa pipani, jamaa mmoja mwenye maneno mengi tuliyemwita Kasuku, akamwokoa. "Mkweo ametoka, mama, na anakusalimu sana!"

Kicheko kilichozuka pale kilifika getini. Mama Kipaza naye alicheka, akanyosha mkono, mtambo ukawashwa. Yeye ambaye alimkatalia msimamizi kichwa chake, mkwe wake alimkubalia mdomo wa mtu mwingine. Sifa ni tamu, zinaingia hata sikio la mjuzi. Kuanzia siku ile watu wawili wakawa na kinywa kimoja. Kasuku akiitika, ameitika kwa wawili. Na hakuna aliyeliona tundu hilo, hata mimi sikuliona. Tuliona adabu tu.

Sasa siku yenyewe.

Umeme ulikatika asubuhi, kazi bado ya moto. Lori la mteja liko getini linasubiri sabuni nyeupe, na dereva wake kila baada ya kitambo anapiga honi, kama vile honi inapika sabuni. Msimamizi anatembea huku na huku, kalamu iko sikioni, shati limeshikana na mgongo. Akasema, "Kwa kuwa umeme haupo, kwangueni ile bluu sasa hivi. Ukirudi tu, tunaingia kwenye nyeupe moja kwa moja."

Kasuku na mkwe wakavua ovaroli zao. Hili nalo mlielewe. Ovaroli ikilowa sabuni ya pipani, ikikauka inakuwa ngumu kama ubao, na mle ndani joto halina huruma. Kwa hiyo wakwanguaji walizitundika ukutani, wakaingia na nguo za ndani. Na nguo ya ndani ya mkwe siku hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa imeshaaga, imebaki kuondoka.

Wakakwangua kwa mwanga wa tochi. Walipokaribia mwisho, Kasuku akasema kiu inamwua. "Twende, panatosha."

"Tangulia," mkwe akamwambia, "nakuja nyuma yako."

Kasuku akapanda, akatoka, akavaa ovaroli yake, akaenda bombani nje. Akiwa anatembea akausikia mguu wa mwenzake ukigonga vipandio vya ndani ya pipa, ko, ko, ko. Akajua anatoka. Na kweli alikuwa anatoka.

Ni wakati huo umeme uliporudi. Taa za mezani zikawaka, watu wakapiga makofi na vigelegele. Ndani ya pipa, mkwe alizisikia zile kelele akadhani watu wanamzomea dereva wa lori. Chuma kile kilikuwa kinene, mle ndani usiku na mchana ni mamoja.

"Washa!" msimamizi akapaza. "Washa, washa, tumechelewa!"

Mama Kipaza akaacha karatasi, akaja. Sakafu ilikuwa imejaa maji ya sabuni, kwa hiyo alitembea macho yakiwa chini, anatafuta pa kukanyaga. Mkwe naye akatoa kichwa kwenye mdomo wa pipa, akaona nini? Mama mkwe huyo, anakuja, amekaza mwendo, moja kwa moja kwenye ngazi yake. Na ovaroli iko ukutani, nyuma ya mama mkwe. Na yeye yuko juu ya pipa, mbele ya meza nzima ya wanawake, na kile kinguo kinachoaga.

Akarudi chini kama kenge aliyeona jiwe. Akazima tochi. Akachuchumaa chini kabisa, chini ya mkono wa mwisho wa chuma, akajiambia: anatuhesabu mapema tu, umeme bado; ataita, ataondoka, nitatoka.

Haya yote aliyasimulia baadaye kwa mkewe, mkewe akamwambia mama yake, na mama yake akatuambia sisi sote. Habari huwa hazina miguu lakini hazichoki.

Mama Kipaza akaita. "Kasuku!"

"Nipo, mama!" ikatoka sauti huko nje bombani.

"Mkwe!"

"Na mkweo ametoka!" sauti ile ile. "Tuko huku!"

Mama Kipaza akageuka. Akafika mlango wa chumba cha umeme. Mwasha mtambo, mtu tuliyempa jina la Taratibu kwa sababu hakuwa na taratibu yoyote, alikuwa ameshashika swichi, anamtazama yeye. Mama Kipaza akaanza kunyosha mkono. Ulikuwa umefika kwenye sikio, Kasuku akaingia kutoka nje, anajifuta mdomo.

Akaingia peke yake.

Mkono ukasimama pale pale sikioni. "Mwenzio yuko wapi?"

"Yuko nyuma yangu," Kasuku akasema, akageuka. Nyuma yake palikuwa na mlango na jua. "Atakuwa amepitiliza msalani."

"Umemwona akienda?"

"Nimemsikia anatoka."

"Nimekuuliza umemwona?"

"Mama, nimemsikia! Amepanda ngazi nyuma yangu, ko, ko, ko. Kwani mimi kiziwi?"

Mama Kipaza akaushusha mkono. Akazitazama ovaroli ukutani. Zilikuwa nyingi, za wa pipani na za wapakia maboksi, zote rangi moja, zimening'inia kama watu waliochoka kusimama. Ipi ya nani, hakuna ajuaye.

"Mama, mkono!" Taratibu akamhimiza.

Akarudi kwenye pipa, akapanda ngazi. Mwanamke wa umri wake, na magoti yale, tena chuma kinateleza. Alipofika juu akaingiza kichwa. Giza. Harufu ya sabuni na joto la mtu aliyekwisha kuondoka, au ambaye hajaondoka, utajuaje?

"Kuna mtu humu?"

Sauti yake ikazunguka ndani, ikamrudia yeye mwenyewe usoni: humu, humu.

Huko chini mkwe alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili, hata pumzi isimponyoke. Alikiona kichwa cha mama mkwe kimejichora kwenye mwanga wa juu. Akajikunja zaidi. Mgongo wake ulikuwa unaugusa ule mkono wa chuma.

Alimwogopa mama mkwe, chuma hakukiogopa. Taa za mezani hakuziona, macho yake yalikuwa kwa mama mkwe tu; kwake yeye umeme ulikuwa bado haujarudi, na chuma kisicho na umeme ni sawa na nguzo ya nyumba. Ningekuwa mimi mle ndani, labda nami ningenyamaza.

Msimamizi akatokea, macho mekundu. "Kuna nini tena?"

"Mkwe wangu sijamsikia," Mama Kipaza akasema kutoka juu.

"Umeangalia ndani?"

"Nimeangalia."

"Umemwona?"

"Sijamwona."

"Umeita, ameitika?"

"Hajaitika."

"Basi hayumo! Mama yangu, mtu asiyeonekana na asiyeitika, ndiyo hayumo, unataka hati ya mahakama? Shuka. Lori litaondoka, na likiondoka linaondoka na kazi zetu sote."

Mezani watu wakaanza maneno, maana ukitaka kujua tabia za watu wacheleweshe tu kidogo. "Mama, mkwe hatafutwi kwa mwenge!" mmoja akapaza. Mwingine, "Mwache ajisaidie, naye ni binadamu! Akitoka msalani umpigie saluti!" Mama Kipaza akasikia uso unawaka. Alijua wanachosema. Mwanamke mzima, kusimama mbele ya watu kudai aletewe mume wa binti yake amtazame. Haifai. Angekuwa mtu mwingine yeyote, angekwisha kumtafuta mpaka chooni. Kwa huyu, heshima ilimfunga miguu, ile ile heshima aliyoishangilia.

"Kasuku," akasema, "nenda msalani, kamwite."

Kasuku akaenda. Msimamizi hakusubiri. Aliingia chumba cha umeme na sisi tukamsikia. "Washa."

"Mkono sijauona," Taratibu akasema.

Nampa haki yake Taratibu, kwa siku hiyo moja.

"Si mkono unautaka?" Msimamizi akanyosha wa kwake, mpaka kwapa likaonekana limelowa. "Huu hapa. Washa!"

Na kule juu, Mama Kipaza aliyasikia. Kushuka ngazi, kuvuka ule utelezi, kufika mlangoni, asingewahi. Ndipo akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nyayo zinaniwasha. Akajigeuza, akakaa kwenye mdomo wa pipa, akaingiza miguu yake yote miwili ndani, ikaning'inia juu ya ile mikono ya chuma. Halafu akaifungulia ile sauti, yote, bila kubakiza.

"Washeni basi! Umeme si umerudi? Washeni! Miguu yangu imo!"

Meza nzima tukaruka. Mimi nilipiga kelele mpaka nikapoteza sauti siku mbili tatu. "Usiwashe! Miguu yake imo! Taratibu, usiwashe!" Karatasi zilitapakaa, sabuni zikaviringika sakafuni. Taratibu aliachia swichi kama aliyeshika kaa la moto. Msimamizi akatoka mbio, akateleza, akajishika kwenye ngazi, akatazama juu.

"Mama! Umerukwa na akili?"

"Zimeruka kitambo. Nileteeni mkwe wangu nimwone kwa macho, ndipo nishuke. Hamwezi, washeni. Umeme upo!"

Kasuku akarudi kutoka msalani, anahema, uso umekuwa wa majivu. "Hayuko," akasema. Kwa mara ya kwanza toka tumjue, Kasuku alisema neno moja tu.

Pakanyamaza. Hata dereva wa lori hakupiga honi. Na katika kimya kile, kutoka chini kabisa ya pipa, kutoka kwenye giza, ikapanda sauti nyembamba kama uzi.

"Shikamoo, mama."

Mama Kipaza, kwa mazoea ya maisha yake yote, akajibu. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

Kisha ndipo yeye mwenyewe alipoelewa alichokisikia. Tulimwona ameushika ukingo wa pipa kwa mikono miwili, lakini miguu hakuitoa. Msimamizi aliikalia ndoo iliyokuwa karibu, na ndoo ilikuwa na maji, na hakunyanyuka.

"Usiondoke hapo ulipo," Mama Kipaza akamwambia mkwe. "Usipande kwanza." Halafu akatugeukia sisi. "Fyuzi. Ing'oeni, mniletee mkononi. Simwamini mtu, siiamini swichi."

Fyuzi ikang'olewa, na bila hiyo swichi ni pambo tu, ikapandishwa mkono kwa mkono mpaka ikamfikia. Aliikaza kwenye kiganja. Ndipo akaitoa miguu yake, akavua kanga ya juu, akaiachia ianguke ndani.

"Jifunge hiyo. Mimi nimefumba macho. Panda."

Alifumba kweli, mimi ni shahidi. Alifumba kama mtoto anayeogopa sindano, sura yote imejikunja. Mkwe akapanda, akampita pembeni, akashuka, kanga ya maua imefungwa kifuani, rangi ya bluu magotini. Hakuna aliyecheka wakati ule. Tulicheka baadaye, na tulicheka vibaya.

Maana msidhani mambo yaliishia kwa shukrani. Jioni ile ile binti alikuja kwa mama yake, mlango haukubishwa, ulisukumwa.

"Mama, umemwaibisha mume wangu mbele ya watu."

"Mumeo yuko hai?"

"Yuko hai, amejifunika shuka, hataki kula. Mtaa mzima wanamwita Shikamoo. Watu wanapita dirishani wanasema 'marahaba'! Kwa nini ulikwenda kuchungulia? Kwa nini hukumtuma mwanaume?"

"Wanaume walikuwa wananyosha mikono."

"Anasema harudi kule. Anasema hawezi kukuangalia tena."

"Kwani lini aliniangalia?"

Binti akalia, mama naye akalia, kila mmoja kwa hasira yake. Halafu Mama Kipaza akajitanda, akaenda nyumbani kwa mkwe wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila kuitwa. Hakuingia. Alisimama nje ya dirisha lenye pazia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisema kwa sauti ya chini.

"Baba, nisikilize. Heshima yako niliipenda nikaifanya pambo. Nikakuruhusu unyamaze pale ambapo simruhusu mtu. Hilo limekwisha. Hapa nyumbani nikimbie utakavyo, pitia hata juu ya paa. Lakini kule chini ya ngazi mimi si mama yako mkwe. Nikiita, nataka kinywa chako. Usiponipa, siku nyingine nitakaa tena pale juu, na huenda msimamizi akawa na haraka kuliko leo."

Pazia halikutikisika. Akasubiri, akaona hapati kitu, akaondoka.

Alikaa nyumbani, yule kijana. Siku zikapita, Mama Kipaza anafunga sabuni bila neno, na sisi tukamwogopa zaidi akiwa kimya. Kisha asubuhi moja tukamwona mkwe ukutani anatundika ovaroli yake. Wapuuzi wakamwambia "marahaba". Aliingia pipani, akakwangua, akatoka, akavaa. Mama Kipaza akasimama chini ya ngazi.

"Mkwe!"

Kasuku akafungua mdomo kwa mazoea. Bega, yule mwenye bega lililolala, ambaye sasa alikuwa anafagia pale, akamziba kwa mkono wake mmoja mzima.

Mkwe akachukua chuma chake cha kukwangulia, akakigonga kwenye pipa, ngo.

"Chuma hakina kinywa," Mama Kipaza akasema. "Itika."

Yule kijana alikuwa anaangalia sakafu. Jasho lilimtiririka, na mtambo haujawashwa. Halafu akasema, "Nipo." Ilitoka imekwaruza, nusu sauti na nusu kikohozi, lakini ilikuwa yake. Mama Kipaza hakutabasamu wala hakumsifu. Akaenda mlangoni, akanyosha mkono.

Baada ya hapo anayeingia pipani anaingia na fyuzi, imefungwa kamba, imetundikwa shingoni, kwa sababu mtu aliyevua nguo hana mfuko. Msimamizi naye alileta bango zuri lenye maandishi makubwa, mvuke ukalibandua. Fyuzi ya shingoni haikubanduka. Na nyumbani mkwe anakimbia bado, akisikia ile sauti kwenye kona anatokea uani. Ila kuna watoto sasa, na watoto hawakimbii, wanabaki kupakatwa na bibi yao.

Nimemaliza, na kidole kinaniuma. Sasa ni zamu yako wewe uliyesoma. Usinikunjie karatasi hii ukaniambia "ahsante bibi", ahsante siipiki. Nyumbani kwako kuna anayekwenda kazini penye mashine, au umeme, au shimo, au kitu kizito juu ya kichwa. Mwulize leo, kabla hajalala: kabla ya kuwasha, nani anakuita, na je, unaitika mwenyewe? Akikujibu "kuna mtu anaitika kwa niaba yangu", au akikujibu "hakuna anayeita", kesho vaa viatu uende naye mpaka kwa mkubwa wake, ukasimame pale mpaka aitwe. Kisha uje uniambie walikujibu nini. Usipokwenda, mkeka wangu usiukalie tena.